Mnazi Mmoja, Mpaka Uliogeuka Kuwa Mjini

Mkazi wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, akipanda daladala ya Kariakoo husema anakwenda mjini. Karne moja iliyopita Kariakoo ilitengwa kwa makusudi iwe nje ya mji.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaagiza eneo la karibu na bahari lijengwe nyumba za mawe. Mwaka 1914 wakaugawa mji kanda tatu, na ya tatu, upande wa magharibi, ilipo Kariakoo, ndiyo iliyoachiwa nyumba za Waafrika. Waingereza waliowafuata waliuendeleza mgawanyo huo. Kwenye maandishi yao kanda zilihusu aina ya jengo, na jengo la kanda ya tatu lilijulikana: kuta za miti na udongo, paa la makuti au la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, korido katikati, vyumba pande mbili, uani jiko na choo, mbele baraza. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Kutaja nyumba ya namna hiyo kulitosha kumtaja mwenyewe bila kuandika rangi yake.

Kisha, miaka ya 1920, nyumba za katikati zikaondolewa, ukabaki uwanja wa Mnazi Mmoja kati ya maduka ya Uhindini na Kariakoo. Hoja ilikuwa afya: magonjwa yasivuke. Hoja hiyo haikuwa ya haki, maana dawa ya magonjwa ni mabomba ya maji na mitaro, si kuwatenga watu.

Lakini ukingoni mwa uwanja huohuo, katika nyumba ya mtaa wa New Street, leo Lumumba, chama cha kudai uhuru, TANU, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Wakati huo mji ulikuwa umeshaanza kufurika. Baada ya Vita Kuu ya Pili vilipimwa viwanja Magomeni, ng'ambo ya Mto Msimbazi, na vilevile Temeke na Kinondoni. Mashamba ya minazi na mihogo yakawa mitaa. Baadaye wilaya za Kinondoni na Temeke zikakua hadi zikamegwa, zikatoka wilaya za Ubungo na Kigamboni.

Pembezoni pakazidi kusogea. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipobomoa nyumba za bonde la Msimbazi, Serikali iliwapeleka waathirika Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni, mbali na masoko na vibarua vilivyowalisha.