Tuzo Iliyokuja kwa Kura

Kila Mei Mosi, wafanyakazi wa viwanda na ofisi za Themi, Arusha, hujumuika na wenzao wa jiji, na wafanyakazi hodari huitwa mbele kupokea cheti, pengine na bahasha. Hodari ni yule anayewahi kazini na kuzalisha. Watu waliopigania usawa makazini walituzwa kwa njia nyingine, na chimbuko lake ni enzi za ukoloni.

Chini ya Waingereza, ngazi za kazi Tanganyika zilifuata rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, mishahara nayo ikafuata. Uchaguzi wa 1958 uliandaliwa kwa mtazamo uleule, kwani kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wanachama wa chama cha TANU walivutana sana Tabora Januari mwaka huo kabla ya kukubali kushiriki, na mmoja wao, Zuberi Mtemvu, akajitoa, akaunda chama chake.

Katika Jimbo la Kaskazini, nafasi ya Mwasia ilikwenda kwa Sophia Mustafa, mkazi wa Arusha. Je, ilikuwa imani ya watu, au sheria tu? Sheria ilitaka Mwasia. Lakini kwamba awe mwanamke huyu, aliyeamini Tanganyika isiyobagua, kulitokana na TANU kumuunga mkono. Hata hivyo, ushahidi huo peke yake hautoshi.

Baada ya Uhuru, nafasi nyingi za juu zilikuwa bado mikononi mwa wasio Waafrika, hivyo vyama vya wafanyakazi vilidai Waafrika wapewe kipaumbele. Tarehe 7 Januari 1964 Rais Nyerere alitoa waraka: raia wote wangetendewa sawa katika ajira ya serikali, bila kujali rangi. Vyama vilinung'unika, wala si bure, maana pengo lililoachwa na ukoloni lilikuwa halijazibwa. Tarehe 20 mwezi huo askari wa kambi ya Colito waliasi. Wapo wanaoulaumu waraka. Wengine hutaja mishahara midogo, maofisa Waingereza na mapinduzi ya Zanzibar ya siku chache nyuma. Naona mishahara na maofisa vilikuwa na uzito zaidi, kwa kuwa ndivyo vitu askari wenyewe walivyovilalamikia.

Jibu thabiti la swali lile, imani ya watu au sheria tu, lilipatikana katika uchaguzi wa 1965. Viti vya rangi havikuwepo tena. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wapiga kura, wengi wao Waafrika, wakamchagua Amir Jamal, Mwasia, huko Morogoro, na Derek Bryceson, Mzungu, huko Dar es Salaam. Miaka ya 1970 Bryceson aliongoza Hifadhi za Taifa, zenye makao makuu Arusha.

Sheria ya usawa kazini ilifika baadaye sana. Ile ya ajira ya 2004 inakataza ubaguzi kazini na kumtaka mwajiri asajili mpango wa fursa sawa. Ile ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kiwanda cha Themi chenye wafanyakazi 200 kinadaiwa sita.