Kutoka Kimara hadi Kariakoo: Nyayo za Wapagazi wa Vita

Viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia nchini Tanzania vimetawanyika, na mgeni anayeongozwa kuvitembelea kwa kawaida hupelekwa mbali na Dar es Salaam. Tanga ataonyeshwa ufuo ambako mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakarudishwa melini na jeshi la Wajerumani la kamanda Paul von Lettow-Vorbeck lenye watu elfu moja hivi. Nyuki waliotibuliwa na risasi waliwavamia wapiganaji, na habari za nyuki hao bado husimuliwa zaidi kuliko za makamanda. Beho Beho, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ataonyeshwa kaburi la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi hapo Januari 4, 1917. Kaburi lina jina lake, na magari ya watalii husimama kulitazama.

Mkazi wa Kimara hahitaji kusafiri hivyo. Basi la mwendokasi linaloondoka Kimara Mwisho hushuka Barabara ya Morogoro kupitia Ubungo, Magomeni na Jangwani, na abiria anayeelekea Gerezani huingia moja kwa moja katika sehemu ya vita hivyo ambayo waongozaji wengi huipita haraka: ile ya watu waliobeba mizigo.

Dar es Salaam haikupiganiwa mtaa kwa mtaa. Agosti 8, 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliushambulia mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, nao Wajerumani wakazamisha gati lao la kuelea mlangoni mwa bandari ili meli za adui zisiingie. Manowari yao Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 11, 1915, mizinga yake mikubwa 10 iliopolewa, ikaletwa mjini kutengenezewa magurudumu katika karakana ya reli, kisha ikakokotwa bara. Septemba 4, 1916 mji uliangukia mikononi mwa Waingereza bila mapigano makubwa, kwa kuwa jeshi la Wajerumani lilikuwa limekwisha kurudi nyuma kuelekea kusini.

Tangu siku hiyo bandari ikawa mlango wa chakula, risasi na dawa za jeshi lililomfuata Lettow-Vorbeck. Reli ilifika mahali pachache tu. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa wingi kwa ndorobo, na masika yaligeuza njia za magari kuwa matope. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hivi. Akibeba unga, naye akala kilo moja kwa siku, basi safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi itamlia kilo 20, na atakayefikishiwa atapata 5 tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya watawala wakusanye watu vijijini kwa maelfu, wengi kwa nguvu, kutoka pwani, bara na nchi za jirani. Wachache waliuawa kwa risasi. Walimalizwa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja wapagazi wao waliokufa kuwa karibu 95,000, na hao ni wa upande mmoja tu wa vita.

Kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, iliwekwa karibu na Gerezani, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi wa soko kabla ya vita. Jina hilo la Kiingereza likazungushwa midomoni mwa wenyeji hadi likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariakoo yenye asili hiyohiyo. Soko lilifunguliwa 1923, na jengo la sasa, lililobuniwa na Beda Amuli, lilizinduliwa 1975. Hakuna mnara wa vita hivyo Dar es Salaam unaotajwa kwa siku mara nyingi kama neno hili, ingawa wengi wanaolitaja hawajui linamtaja nani.

Mnara rasmi uko mbele kidogo, katika Barabara ya Samora, palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa. Sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson, ilisimamishwa 1927: mtu mmoja wa shaba, bunduki mkononi, singe mbele. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi pia, lakini juu ya jiwe yupo askari peke yake. Nairobi, mchongaji huyohuyo alimweka mpagazi pamoja na askari.

Ziara huishia vizuri zaidi Kinondoni, katika makaburi ya vita kando ya Barabara ya Bagamoyo. Yalianzishwa 1968, pale makaburi 660 ya Barabara ya Ocean yalipolazimika kuhamishwa ili kupisha barabara mpya. Waafrika wengi walikuwa wamezikwa bila alama ya mtu mmoja mmoja, hivyo wakazikwa upya kwa pamoja, wakajengewa kuta za ukumbusho. Askari wa Kizungu, kila mmoja ana jiwe lake.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Utafutaji wa majina katika kumbukumbu za zamani umeanza kuzaa matunda kwingineko: Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo barani. Una nguzo 1,772 za mbao, kila nguzo na jina la mtu mmoja.