Sokwe wa Gombe na Mwanga wa Kompyuta

Ndugu msikilizaji, Jumapili iliyopita mvua ilinikuta Buzebazeba, nami nikajibanza katika kibanda kimoja cha kuonyeshea video. Nikalipa kiingilio, nikapewa nafasi kwenye benchi. Filamu iliyokuwa ikionyeshwa ni ile ya sokwe wanaowaasi binadamu, Rise of the Planet of the Apes, iliyotoka mwaka 2011. Kijana wa miaka kumi na minne hivi, aliyekaa kando yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Samahani mzee, hawa sokwe waliwachukua hapa kwetu Gombe?"

Nikamwambia kwamba katika filamu ile hakuna sokwe wa kweli hata mmoja. Akatabasamu kwa adabu, kama mtoto anayemsitiri mkubwa aliyepotoka. "Mzee, mbona macho yao yana maji?"

Swali hilo nilishindwa kulijibu vizuri palepale, kwa kuwa watu walianza kutunyamazisha. Basi wiki hii naomba nilijibu hapa, maana ndani yake kuna historia ambayo sisi wa Kigoma tunahusika nayo kuliko tunavyodhani.

Tuanzie mbali kidogo. Wazee wetu waliowahi kuingia majumba ya sinema wanawakumbuka Tarzan na sokwe wake Cheeta. Filamu ya Tarzan the Ape Man ilitoka Marekani mwaka 1932, na sokwe waliochezeshwa katika filamu za namna ile walikuwa sokwe mtu halisi. Watu walicheka, na hakuna aliyeuliza wanyama wale walitoka wapi.

Jibu lake si la kuchekesha. Sokwe mtu hamwachii mtu mtoto wake. Ili kumpata mtoto porini, kwa kawaida mwindaji humuua mama kwanza. Mtoto huyo akishafundishwa, hufaa kwa michezo kwa miaka michache tu. Akifika umri wa miaka minane hivi huwa na nguvu za kumshinda mtu mzima, na hapo kazi yake huwa imekwisha, ilhali ana uwezo wa kuishi miaka arobaini na zaidi. Hiyo iliyobaki huimalizia kizuizini.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 14 Julai 1960, binti wa Kiingereza aitwaye Jane Goodall alishuka katika fukwe za Gombe, kilomita kama 16 kaskazini mwa mji wetu. Mwaka huohuo alimwona sokwe mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka jani katika kichuguu na kuvua mchwa. Kwa maneno mengine, mnyama anatumia kifaa. Mwaka 1962 akaja mpiga picha wa Kiholanzi, Hugo van Lawick, na mwaka 1965 Wamarekani wakaonyeshwa katika televisheni filamu ya sokwe wa Gombe. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu walimwona sokwe kwake, akimlea mwanawe, bila kofia wala kaptura ya kuchekeshea.

Kumpiga picha sokwe kule si kazi nyepesi, ndugu msikilizaji, na hilo nalisema kwa kuumbuka. Nilipokwenda Gombe mara ya kwanza nikiwa mwandishi kijana, nilibeba kinasa sauti pamoja na kamera ya kuazima. Sauti zilitoka safi. Picha zilipokwisha kusafishwa, nikakuta madoa meusi yamekaa ndani ya kivuli cheusi. Manyoya meusi, chini ya miti mikubwa, humeza mwanga wote. Nilimjua sokwe kwa sababu nilikuwapo. Asiyekuwapo angedhani nimepiga picha gunia la mkaa.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Kabla ya kompyuta, watengeneza filamu waliokwepa sokwe halisi walimvika mtu barakoa. Filamu ya kwanza ya Planet of the Apes, ya mwaka 1968, ilifanywa hivyo, na fundi wake John Chambers alipewa tuzo ya heshima ya Oscar kwa ustadi ule. Hata iliporudiwa mwaka 2001, waigizaji walikuwa bado ndani ya barakoa. Lakini mtu ni mtu. Mikono yake ni mifupi na miguu mirefu.

Kompyuta nayo iliweza kuchora umbo la mnyama mapema. Mwaka 1993, katika Jurassic Park, tuliona mijusi mikubwa ya kale ikikimbia mchana kweupe. Mjusi hana manyoya. Sokwe anayo, tena ana uso laini na jicho linalotazama kama la mtu. Umbo likikamilika bila mwanga sahihi, anayeonekana ni mwanasesere wa plastiki.

Je, kompyuta hujuaje mwanga? Watu wa kale wa Uyunani, akiwamo Euclid, walidhani jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Katika karne ya 11 mwanachuoni mzaliwa wa Basra, Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi yake Misri, akaeleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba mambo ni kinyume: mwanga hutoka kwenye jua au taa, hugonga kitu, kisha huingia jichoni. Ajabu ni kwamba kompyuta humfuata Ibn al-Haytham kwa kurudi nyuma. Miale mingi ya taa haifiki kwenye kamera kamwe, na kuihesabu yote ni kupoteza muda. Kwa hiyo kompyuta huanzia kwenye kamera na kufuata njia ya mwale kinyumenyume: uligonga nini, kabla yake uligonga nini, hadi ifike kwenye taa. Turner Whitted wa Marekani alionyesha njia hiyo kwa vioo na vitu vinavyopitisha mwanga mwaka 1980. Mwaka 1986 James Kajiya akaandika kanuni moja inayojumlisha mwanga wote unaodundadunda kati ya vitu.

Mwanga wa kudunda tunaujua sisi wa ziwani. Mtazame mvuvi ndani ya mtumbwi saa tisa alasiri. Kofia imemziba jua, lakini uso wake unang'aa, kwa sababu maji yanamrushia mwanga kutoka chini. Mchoraji akiusahau mwanga huo, mvuvi wake ataonekana kama amebandikwa juu ya ziwa.

Ndiyo maana mafundi wa filamu huenda mahali pa kupigia picha wakiwa na mpira unaong'aa kama kioo. Huupiga picha, na ndani yake huonekana mbingu, majengo na taa zote zilizouzunguka. Mwaka 1998 Paul Debevec alionyesha jinsi ya kutumia picha za namna hiyo kumwangazia mnyama wa kompyuta kwa mwanga uleule uliokuwa mahali pale.

Likabaki suala la mwili wenyewe. Leo usiku weka kiganja chako mbele ya tochi au karabai, utaona kingo za vidole zimekuwa nyekundu. Mwanga umeingia ndani ya ngozi, umetangatanga, ukatokea kwingine. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walichapisha njia ya kukokotoa jambo hilo kwa wepesi. Kisha chukua mshipi wa nailoni, uunyooshe juani. Kuna mng'ao mweupe unaoruka juu yake, na kuna mwanga unaopenya ndani na kutokea upande wa pili. Unywele nao una tabia hiyo, ila mwanga unaopita ndani yake hutoka na rangi ya unywele. Stephen Marschner na wenzake walilieleza hilo kwa hesabu mwaka 2003. Jicho, kwa kuwa lina unyevu, hutaka nukta ya mwanga juu yake. Ikikosekana, mnyama huonekana amekufa.

Ndiyo hayo maji aliyoyaona kijana wangu wa Buzebazeba.

Kazi hiyo ya kuipika picha hadi ikamilike mafundi huiita rendaringi. Filamu huhitaji picha 24 kwa kila sekunde, yaani 1,440 kwa dakika. Tuseme picha moja inaichukua kompyuta saa tano, jambo la kawaida katika kazi hii. Dakika moja ya filamu itaichukua kompyuta hiyo saa 7,200, au siku 300 usiku na mchana. Ndiyo maana kampuni hizo huwa na maelfu ya kompyuta zinazopika kwa pamoja. Sokwe wa mwaka 2011 walitengenezwa na Weta Digital ya Wellington, New Zealand, ambayo sasa inaitwa Wētā FX. Mwigizaji Andy Serkis alivaa nguo ya kubana yenye alama, kamera zikasoma mienendo yake, kisha kompyuta zikamvika manyoya na mwanga. Hakuna mama aliyeuawa porini ili filamu ile ipatikane.

Hilo ni jema, na nalipongeza. Jane Goodall, aliyefariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, alipinga kwa miaka mingi kuwatumia sokwe katika maigizo. Ni faraja kwamba alijaliwa kuiona njia nyingine ikipatikana.

Lakini lipo jambo linalonikosesha usingizi. Nilimuuliza kijana yule kama amewahi kufika Gombe. Hajawahi. Rafiki zake watatu nao hawajawahi. Boti ya abiria kutoka Kibirizi ni mwendo wa saa mbili tatu, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Hata hivyo sokwe pekee wanaemjua vijana hawa ametengenezwa New Zealand, na ni mkali, ameshika silaha. Ukizoea kumwona yule kila Jumapili, hutaona kwamba kuna kinachopungua hapa jirani.

Na kinapungua. Gombe haifiki kilomita za mraba 60, na sokwe wake wanakisiwa kuwa takriban mia moja. Misitu iliyoizunguka ilikatwa hadi vilima vikabaki vipara, na mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ikaanzisha mradi wa TACARE katika vijiji vyetu, wa kupanda miti na kusaidia wanavijiji. Msitu ukiisha, hakuna kompyuta itakayowapikia wale mia moja mahali pa kulala.

Nimemwahidi kijana wangu kwamba shule zikifungwa nitampeleka Gombe, kwa ruhusa ya mama yake. Nimemwambia asitazamie sokwe wa kung'aa kama wa kwenye filamu. Huenda atamwona mgongo tu, doa jeusi ndani ya kivuli. Akae kimya, asubiri jua lipenye kwenye majani. Sokwe akigeuka, atazame macho yake, kisha aniambie yana maji au hayana.