Habari ya Tundu Katika Ngozi

Katika kuzikumbuka kazi za mikono zilizofundishwa nchini mwetu, tumeona vema kuandika habari ya jambo dogo, yaani tundu katika ngozi. Huenda mtu akacheka, lakini mtu wa Fumba hatacheka. Nchi yake ni mawe ya matumbawe, na maji yakipwa hushuka pwani kutafuta riziki juu ya miamba mikali. Gidamu ya kiatu chake ikitoka, unyayo hutoka damu. Na gidamu mara nyingi haikatiki katikati; hung'oka penye tundu.

Mafundi wa kale wa Unguja, washonao makubadhi, walitoboa kwa msharasi. Chombo hiki chafaa sana kwa kushonea, maana hakiondoi ngozi, bali huisukuma kando, nayo hurudi ikaushika uzi. Lakini penye kupita gidamu, tundu la namna hiyo hujifunga, na likilazimishwa hupasuka. Hapo hutakiwa tindo la mviringo, lililo wazi ndani, likate na kutoa kipande kizima. Tundu la mviringo halina pembe ya kuanzia mpasuko.

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani, na merikebu za Salem zikawa zikija Unguja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Karibu na Salem uko mji wa Lynn, uliokuwa mashuhuri kwa viatu. Huko Jan Matzeliger, mtu mweusi aliyezaliwa Suriname mwaka 1852, aliona jinsi kazi ya kuvuta ngozi juu ya kalibu ilivyowachelewesha mafundi. Akaunda mfano wa mashine kwa vipande vya mbao na vitu vilivyotupwa, na mwaka 1883 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Hakuanza kwa kununua. Alianza kwa kutazama mikono ya fundi. Kwetu nako, mapadre waliofika Unguja mwaka 1860 kutoka Réunion walifungua karakhana, na misheni ya Bagamoyo ilipoanzishwa mwaka 1868, huko pia vijana walifundishwa kazi za mikono.

Sisi nasi tulipowafundisha vijana wachache wa Fumba kazi ya ngozi, kwanza tulikosa. Tulitoa fedha yetu kwa koleo ya kutobolea. Kwa mshipi mwembamba ilifaa. Lakini taya zake hufunga kama mkasi, basi katika soli nene tundu likaenda upande, wala koleo haikufika katikati ya soli. Viatu vya kwanza vikarudi kwetu gidamu zimeng'oka. Mama mmoja alituonyesha unyayo wake uliokatwa na jiwe, asiseme neno. Tukaona haya.

Ndipo tulipounda mtambo wetu. Tulifunga wenzo wa chuma juu ya meza, mkono wake mmoja mrefu mara 10 kuliko wa pili, ili nguvu ya kijana izidi karibu mara 10. Tindo tulilifunga lishuke wima. Chini yake tuliweka kipande cha gogo, upande uliokatwa ukitazama juu, kwa maana jiwe na chuma huua makali. Tindo twalinoa kwa nje tu, kipimo cha tundu kisibadilike. Na jioni twalipaka mafuta, kwa sababu upepo wa chumvi hula chuma.

Basi, walimu wenzetu, mwenye kutengeneza viatu vichache, tindo na nyundo ya mti vyamtosha. Mwenye mishipi na achukue koleo. Mwenye soli nyingi na aunde mtambo. Msichague chombo kwa kung'aa kwake. Ulizeni kwanza unene wa ngozi, na mzigo utakaovuta tundu lile.

Viatu vya mama yule tulivitengeneza upya bila malipo. Siku ya bamvua tulimwona akirudi kutoka pwani, kapu kichwani, akikanyaga mawe pasipo kutazama chini.