Deni Lisilolipika

Fungueni madaftari. Leo tutajifunza habari za deni.

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere wa Butiama aliuliza: je, tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni? Tangu mwaka 1986 serikali ilikaa na wadai wake, ikaonyesha hesabu. Novemba 2001 ilikubaliwa kupunguziwa deni kubwa. Mwalimu hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1999.

Nawe uliyekopa benki, usijifiche. Usikope kwingine ili kulipa deni la kwanza. Nenda mapema, useme waweza kulipa kiasi gani kila mwezi, mwandikiane mapatano mapya. Kwanza soma, kisha tia sahihi. Kwaherini.