Jino la mfalme ndani ya simu

Washa moja ya zile spika ndogo za Kichina zinazopangwa mezani Kariakoo pamoja na chaja na kava za simu. Kabla hujagusa kitu, sauti ya mwanamke itatangaza kwa Kiingereza kwamba iko tayari kuunganishwa. Unalikuta jina lake kwenye orodha ya simu, unaligusa, unasikia mlio, na taarabu inaanza.

Ufundi huo una asili yake Lund, kusini mwa Sweden, kwenye kampuni ya Ericsson. Nils Rydbeck, mkuu wa teknolojia upande wa simu, alitaka hedifoni zisizo na waya. Mwaka 1994 mhandisi Mholanzi, Jaap Haartsen, alianza kuishughulikia redio ya masafa mafupi, na Sven Mattisson akaungana naye mwaka uliofuata. Redio hiyo ilitakiwa isile betri, iwe ya bei nafuu, na itumie eneo la gigahezi 2.4 ambalo halihitaji leseni. Lakini pasipo na leseni hapakosi vurugu: hata oveni ya maikrowevu hupiga kelele humohumo. Dawa ikawa kuhamahama. Kifaa kimoja kinakuwa kiongozi, mwenzake anafuata saa yake, na wote wawili wanaruka pamoja kwenye njia 79, mara 1,600 kwa sekunde. Njia moja ikiwa na fujo, wao wameshahama.

Ila simu ya Ericsson inayoelewana na vifaa vya Ericsson tu ingemfaa nani? Mei 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba waliunda umoja, na kampuni iliyojiunga iliruhusiwa kutumia teknolojia hiyo bila kulipia hataza. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uvumbuzi wenyewe. Ericsson na Nokia walikuwa wakigombea wateja walewale, na bado wakakubali kuketi meza moja.

Jina lilikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1997 Jim Kardach wa Intel na Mattisson walikuwa Toronto, wakipiga soga za historia huku wakinywa. Mattisson akamsimulia riwaya ya Frans G. Bengtsson kuhusu Waviking. Kardach akaenda kusoma zaidi, akakutana na Harald Blåtand, mfalme wa karne ya 10 aliyewaunganisha Wadenmark. Blåtand ni jino la buluu, yaani Bluetooth. Akalipendekeza liwe jina la muda tu, mpaka wataalamu wa masoko walete la maana. Majina yao yakakwama, moja kwa sababu lilikuwa limeshazagaa mno kwenye intaneti, na muda ukawa umekwisha. La muda likabaki. Ile alama iliyo juu ya kioo cha simu ni herufi mbili za kale za Waviking, H na B, zimeshikamanishwa.

Toleo la kwanza lilitoka 1999. Simu ya Ericsson T39 ikaingia sokoni 2001. Huku kwetu Bluetooth ilipata kazi yake yenyewe: kurushiana nyimbo. "Nirushie hiyo ngoma," mtu anakwambia kwenye daladala, mnaziweka simu pamoja kama vikombe vya kahawa, mnasubiri dakika nzima na zaidi, na akishuka kituoni kabla ya mwisho, mnaanza upya siku nyingine. Vifaa vingi vilidai namba ya siri, na siri yenyewe ilikuwa 0000, anayoijua kila mtu. Toleo la 2.1, mwaka 2007, lilileta njia ya kuunganisha iliyo rahisi na salama zaidi.

Nyimbo siku hizi hupita WhatsApp. Bluetooth imerudi masikioni, kulekule alikoitaka Rydbeck.