Neno "Kibarua" na Kiini cha Migogoro ya Kazi: Tume za Mombasa, 1939–1947, na Funzo Lake kwa Bujumbura

1.0 Utangulizi

Migogoro ya kazi katika bandari za Afrika Mashariki huandikwa zaidi kama historia ya mishahara. Makala haya yanadai kwamba mshahara aghalabu ni dalili. Kiini hukaa katika namna mtu anavyoajiriwa, na lugha ya wafanyakazi huweza kukitaja kiini hicho kabla tume haijaundwa. Mfano unaochunguzwa ni Mombasa. Bujumbura inahusika kwa kuwa ni mji wa bandari uliotegemea shehena zilizopitia Kigoma kutoka Dar es Salaam, ambako makuli nao waligoma mwaka 1939 na 1947.

2.0 Neno na mfumo

"Kibarua" ni udogoshi wa "barua". Katika Zanzibar ya karne ya 19 neno hilo lilitumika kwa watumwa waliokodishwa kwa ujira wa siku, na asili yake huhusishwa na hati ndogo aliyopewa mfanyakazi. Jina hilo lamtambulisha mtu kwa karatasi ya siku moja: jua likizama, mwajiri hana deni naye. Kodi ya chumba, ugonjwa na uzee humwangukia yeye na jamaa zake.

Mfumo huo uliwafaa waajiri wa bandari. Meli haziji kwa mpangilio ulio sawa. Hivyo palihitajika watu wengi siku ya meli nyingi, bila gharama ya kuwatunza siku ya bahari tupu.

3.0 Kutoka dalili hadi kiini

Baada ya migomo ya Julai na Agosti 1939, tume iliyoongozwa na Willan haikuishia kwenye ujira. Ilichunguza makazi, gharama za maisha na ajira ya siku. Utoro ambao waajiri waliuhesabu kuwa tabia ya vibarua ukaonekana kuwa zao la utaratibu wa kuajiri.

Hata hivyo, kuujua ugonjwa si kuutibu. Ajira ya siku iliendelea, na mwaka 1945 Arthur Phillips aliongoza uchunguzi mwingine. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa zaidi ya siku 10: makuli, wafanyakazi wa reli, wa hoteli na wa majumbani. Upana huo wathibitisha kwamba kasoro haikuwa ya mwajiri mmoja. Uwanja wa mikutano yao waliuita "Kiwanja cha Maskini", jina lililotaja hali ya maisha yao kabla ya kudai kima chochote. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliongeza malipo, lakini Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers' Federation, alikamatwa Agosti mwaka huo. Ajira ya siku bandarini ilianza kupunguzwa kwa dhati katika miaka ya 1950 tu.

4.0 Bujumbura

Katika maeneo ya ujenzi ya Bujumbura, kibarua huitwa "umuyede", neno la Kirundi lililotokana na la Kifaransa lenye maana ya msaidizi. Jina hilo halimpi ufundi wake mwenyewe. Mkaguzi akimwuliza kwa Kifaransa muda wa mkataba wake, swali limekwisha kuchukulia kwamba mkataba upo. Akimwuliza kwa Kirundi au Kiswahili, "Jana ulimfanyia nani kazi, na kesho utamfanyia nani?", jibu hufunua mfumo mzima.

5.0 Hitimisho

Neno ni kidokezo, si ushahidi kamili. Lazima lipimwe kwa madaftari ya mahudhurio na ya malipo. Inapendekezwa kwamba wachunguzi wa migogoro ya kazi waanze na majina ambayo wafanyakazi hujiita na huitwa, wahoji kwa lugha za kazini, na kila ripoti itaje nani atatekeleza lipi na lini. Mombasa haikukosa uchunguzi. Ilikosa utekelezaji, na ikagoma tena.